Siku niliyoshikishwa kibendera ndio nilijua sijui ofsaidi

Mimi nauza njumu za mitumba. Mzigo natoa soko la Gikomba hapa Nairobi asubuhi mapema, na Jumapili nabeba mfuko naenda viwanja za huku Eastlands penye kuna mechi ya mtaa, natandika gunia kando ya laini, napanga viatu kwa saizi, soksi upande huu, na biashara inaendelea huku naangalia mpira. Kwa hivyo mpira naujua, ama tuseme nilidhani naujua. Tangu nikiwa kijana mdogo nimekuwa nikilipa kuingia base kuangalia ligi ya Uingereza, zile base za mabati na mabenchi ya mbao, watu sitini mmebanana mahali pa watu ishirini, na mtu akipata pasi akiwa peke yake na kipa mimi ndio wa kwanza kuruka, "ofsaidi hiyo!" Nikipatia najipiga kifua. Nikikosa basi refa amekula pesa.

Hakuna siku mtu alinikalisha chini akaniuliza, haya, ofsaidi ni nini? Na angeniuliza ningemwambia ni mtu amepita mabeki, kwisha. Mathee wangu ndio aliwahi kuniuliza swali la maana tukiangalia mechi kwake, akasema, "Sasa huyu mtoto amekimbia vizuri hivyo mbona wanamuonea?" Nikamwambia, mum, hiyo ni mambo ya mpira, wacha tu. Kumbe sikuwa na jibu.

Sasa ilikuwa tarehe 20 Novemba 2022, nakumbuka tarehe juu ndio siku Kombe la Dunia lilikuwa linaanza Qatar jioni. Mchana kulikuwa na robo fainali ya tonamenti fulani ya mtaa, zawadi mbuzi na mipira miwili, na kila timu ilikuwa imekuja na watu wake, wamama, watoto, vuvuzela, ngoma. Refa alikuwa mzee mmoja aliyestaafu ualimu, kila mtu anamwita tu Mwalimu, amechezesha mpira miaka mingi hadi magoti yamekataa lakini kipenga hajaweka chini. Washika kibendera, wale wa kumwonyesha refa ofsaidi, walifaa kuwa wawili, akaja mmoja. Yule mwingine simu imezimwa. Mwenye tonamenti akazunguka zunguka akitafuta mtu, akaniona kwa gunia langu.

"Si wewe huwa hapa kila Jumapili? Shika hii kitu. Nitakutoa mia tatu."

Mia tatu, na siku hiyo nilikuwa nimeuza soksi peke yake. Gunia nikamwachia kijana wa mayai, nikachukua kibendera, ambacho chenyewe kilikuwa kitambaa chekundu kimefungwa kwa mti wa ufagio.

Dakika za kwanza nilikuwa nakimbia na mpira. Ukienda mbele naenda nao, ukirudi narudi nao, najiona mtu wa maana sana. Halafu ikaja ile pasi. Kiungo wa jezi ya kijani alipata mpira karibu na duara la kati, akainua kichwa, akaupenyeza katikati ya mabeki wawili. Mimi macho yote yalikuwa kwake, kwa ule mguu, venye alikunja kifundo, pasi tamu kabisa. Nikaufuata mpira kwa macho hadi ukafika kwa namba tisa, straika wao, kuangalia hivi, yuko peke yake, beki wa mwisho ako nyuma yake mita kama nne, mbele kuna kipa tu. Nikainua kibendera hadi kwapa likauma. Kijana akafunga, akavua jezi, akakimbia kwa wamama wa mtaa wake wanamkumbatia, kugeuka anapata Mwalimu amepuliza na ananionyesha mimi kwa kidole.

Huwezi jua kuchukiwa ni nini mpaka usimame kando ya uwanja na kitambaa chekundu mbele ya watu wanaojua penye unaishi. Mama mmoja alikuja hadi kwa laini akiwa na leso kiunoni, "Wewe muuza viatu! Rudi kwa viatu!" Namba tisa akanijia pole pole, hakuwa hata na hasira, hiyo ndio iliniuma zaidi, akasema, "Brathe, nilitokea nyuma yake. Muulize huyu." Na huyu alikuwa beki wa timu ile ingine, mtu ambaye nimemwokoa, na yeye akaangalia chini akitabasamu ile ya mtu ameokota pesa barabarani. Hapo ndio baridi ilinipata.

Kosa la pili sitalielezea sana juu linaniaibisha hadi leo. Thro ilirushwa, winga akaipokea akiwa mbele ya kila mtu, nikainua. Mwalimu hakupuliza, alinipungia tu mkono niweke chini, huku anacheka. Kwa mpira wa kurusha hakuna ofsaidi. Kwa kona hakuna. Kwa golikiki hakuna. Miaka yote hiyo ya kulipia base na hiyo sikuwa nayo.

Haftaimu Mwalimu akaniita kando, ameshika chupa ya maji.

"Kijana, ile ya namba tisa. Pasi ikipigwa alikuwa wapi?"

"Alikuwa ameacha mabeki mbali, Mwalimu."

"Hapo ni akiupokea. Mimi nauliza ukipigwa. Mguu wa yule kiungo unagusa mpira, namba tisa ako wapi?"

Nikanyamaza. Sikujua, na singejua, juu wakati huo mimi nilikuwa naangalia kiungo.

Sasa hiyo ndio ofsaidi yenyewe, na nilielezwa nikiwa na miaka thelathini na kitu kando ya uwanja wa mchanga. Mahali umefika si kitu, kitu ni mahali ulikuwa mwenzako alipogusa mpira. Kama hiyo dakika, hiyo nukta, ulikuwa nusu ya uwanja ya wapinzani, na uko karibu na laini yao ya goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho, basi umeotea. Ukiwa sawa naye, bega kwa bega, uko sawa. Kichwa kinahesabiwa, mwili unahesabiwa, mguu unahesabiwa, mikono hapana juu mkono haufungi goli, hata ya kipa haihesabiwi. Na mpira ukishatoka mguuni, kimbia unavyotaka, pita mabeki wote, pita hadi kipa, hakuna mtu wa kukuuliza.

Na hapo nikaelewa zile mita nne zilitoka wapi. Piga hesabu. Straika ameshika kasi, tuseme mita 7 kwa sekunde. Beki naye anapanda mbele kumwacha nyuma, tuseme mita 2 kwa sekunde. Wanapishana. Ukichelewa nusu sekunde tu kutoa macho kwa mpigaji, watu waliokuwa sawa wameachana mita nne na nusu, na wewe unaapa kwa jina la mama yako kwamba umeona ofsaidi. Hukudanganya. Umeona kweli, ila umeona kitu ya baadaye. Na pale base, kamera ikifuata mpira, sisi wote tunaonanga hiyo ya baadaye.

"Sasa Mwalimu, nitaangaliaje watu wawili mara moja na mmoja ako kule na mwingine ako huku?"

"Huwezi. Achana na mpira. Simama sawa na yule wa pili kutoka mwisho, akipanda panda, akirudi rudi, tembea kama kaa ukiangalia ndani. Jicho liweke kwa beki. Mpigaji mwachie sikio."

Nilidhani ananichezea. Sikio? Lakini kipindi cha pili nikajaribu, nikasimama sawa na beki, nikamganda kama kivuli, mpira sikuuangalia kabisa na hiyo ni ngumu jamani, ni kama kukaa sherehe na kuambiwa usiangalie chakula. Vuvuzela zinalia, ngoma zinalia, lakini ukitulia unausikia. Buti ikipiga mpira inatoa sauti yake, pu, kavu. Ukisikia pu, unapiga picha kwa akili, beki hapa, straika hapo, halafu ndio unaruhusiwa kuangalia kwingine. Mara ya kwanza nilisikia pu, goti la straika lilikuwa nyuma ya kiuno cha beki, sekunde moja baadaye amemwacha mbali, watu wa ile timu ingine wananipigia kelele niinue na mimi kibendera kiko chini, mkono unatetemeka. Akapiga nje, shukrani. Mara ya pili nikasikia pu na straika alikuwa ametangulia hatua nzima. Nikaanza kuinua.

Lakini nikakumbuka kitu ingine Mwalimu aliniambia tukirudi uwanjani, usikimbilie. Kuwa mahali pa ofsaidi si kosa. Mtu anaweza simama huko mbele afunge kamba za viatu na haidhuru mtu. Inakuwa kosa akigusa huo mpira, ama akimzuia mpinzani, ama akisimama mbele ya macho ya kipa, ama mpira ugonge mlingoti ama upanguliwe na kipa umrudie yeye aliyekuwa ameotea, hapo amefaidi. Kwa hivyo nikangoja. Yule straika akasimama, akainua mikono kama mtu ametekwa, na winga akatokea nyuma kabisa akauchukua mwenyewe. Sikuinua. Goli! Sasa zamu ya watu wa upande ule mwingine kuja kwa laini. Safari hii Mwalimu alinipa dole gumba.

Halafu ile ya kweli ilipokuja, ilikuwa safi. Pu, mtu amepita hatua, ameugusa, kibendera juu wima. Mwalimu akapuliza, nikakishusha hadi usawa wa bega kumwonyesha ni katikati ya uwanja. Ingekuwa upande wa mbali ningekiacha kikiangalia juu kidogo, upande wangu ningekiinamisha. Hiyo lugha nilikuwa nimeiona kwa runinga maisha yangu yote nikidhani watu wananyoosha mkono tu.

Timu ya kijani ilitolewa kwa penalti. Ile goli moja niliyokataa ndio ingewapeleka nusu fainali. Mia tatu yangu nilipewa mia mbili.

Jioni nikaenda base kuangalia Qatar na Ecuador. Dakika ya tatu, Enner Valencia wa Ecuador anafunga kwa kichwa, watu wanashangilia, kidogo goli limekatwa, ofsaidi. Wee! Paa ilikuwa itoke. Juu kila mtu aliona kuna beki wa Qatar amebaki nyuma kabisa karibu na goli, sasa ofsaidi ya wapi? "Wamenunua Kombe la Dunia, sasa wananunua na refa!" Mimi pia nilikuwa nishaanza kupiga kelele hivyo hivyo. Halafu nikakumbuka, hesabu wawili. Sheria haisemi kipa na beki mmoja. Inasema wapinzani wawili wa mwisho, na siku nyingi mmoja huwa kipa juu ndio anakaanga nyuma, lakini hapa kipa alikuwa ametoka kwenda kupiga ngumi ile krosi, akapitwa. Kwa hivyo aliyebaki nyuma ni mmoja. Na mpira ulipoguswa pale juu, Michael Estrada, mwenzake Valencia, alikuwa ametanguliza mguu.

Nikasimama nikawaelezea. Mtu akaniambia kwa sauti, "Kaa chini, si ni wewe umeharibu mechi mchana?" Base yote ikacheka. Baadaye ile katuni ya kompyuta ya kuonyesha ofsaidi ikaonyeshwa kwa skrini, na mguu wa Estrada umechorwa umepita, watu wakanyamaza, hakuna aliyeniomba msamaha lakini chai nilinunuliwa. Ecuador wakashinda 2-0 na Valencia akafunga zote mbili.

Sasa kitu kilinifurahisha kuhusu ile mitambo ya kupima ofsaidi kule Qatar nilipoisoma. Waliweka kamera 12 chini ya paa za uwanja, zinafuata sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde. Hiyo ni jicho. Lakini kamera peke yake hazikutosha, ikabidi waweke sensa ndani ya mpira, inatuma data mara 500 kwa sekunde ili ijulikane mguu umegusa saa ngapi haswa. Hiyo ni nini? Hiyo ni sikio! Watu na pesa zao zote wamerudi kwa Mwalimu.

Jumanne yake nilikuwa kwa stendi naangalia Argentina na Saudi Arabia kwa simu, mchana wa saa saba, wateja wakiuliza bei najibu bila kuangalia. Messi alifunga penalti mapema, halafu Argentina wakafunga tena mara tatu kabla ya haftaimu na zote tatu zikakataliwa, ofsaidi, ofsaidi, ofsaidi. Kocha wa Saudi alikuwa Hervé Renard, yule wa shati jeupe aliyewapa Zambia kombe la Afrika 2012, na aliwapandisha mabeki juu kabisa karibu na katikati ya uwanja, laini moja kama kamba ya nguo. Zamani ningesema Argentina wana bahati mbaya. Siku hiyo sikuangalia mpira hata, nilikuwa naangalia wale mabeki wanne tu, wanapanda, wanasimama, wanapanda, na kila pasi ya Argentina inatoka nukta moja ikiwa imechelewa. Saudi wakashinda 2-1. Hiyo ndio mechi nimewahi kuifurahia kuliko zote na mimi si wa timu yoyote hapo.

Mwalimu nilianza kumtembelea baada ya hapo, anakunywa chai kwa kibanda kimoja jioni. Aliniambia hii sheria imekuwa ikilegezwa tangu ianze. Mwaka 1863 Waingereza walipoandika sheria za kwanza ulikuwa huruhusiwi kuwa mbele ya mpira kabisa, kama raga. 1866 wakasema sawa, bora kuwe na wapinzani watatu mbele yako. Watatu! 1907 wakasema ukiwa nusu yako ya uwanja hakuna ofsaidi. 1925 watatu wakawa wawili, magoli yakamwagika. Na hii ya kuwa sawa na beki si ofsaidi ilikuja 1990, kabla ya hapo ukiwa sawa umeotea. Nikamwambia kwa hivyo wazee wanaosema mpira wa zamani straika walikuwa wanaonewa wako sahihi, akasema wako sahihi, na yeye aliwaonea wengi.

Tulikuja kukosana mara moja tu. Tarehe 14 Januari 2023, Manchester United na City, Old Trafford. Casemiro wa United anapiga pasi, mwenzake Rashford ameotea wazi kabisa, anaukimbilia mpira, anakimbia nao karibu karibu lakini haugusi, Bruno Fernandes anatokea nyuma anapiga, goli. Mshika kibendera akainua, refa akalipitisha. United wakashinda 2-1. Mwalimu anasema hakugusa, hakumzuia mtu, goli halali. Mimi nasema beki amepunguza mwendo kwa sababu ya nani? Kipa amejipanga kumngojea nani? Kama mtu anakimbia juu ya mpira kama kuku amekalia mayai na kila mtu anamwangalia yeye, huyo yuko kwa mchezo. Na mimi ni wa United, damu kabisa, na hadi leo nasema ile ilikuwa ofsaidi. Kwa base walitaka kunifukuza.

Siku hizi nashika kibendera mara kwa mara, mia tatu yangu inakuja kamili. Gunia namwachia kijana wa mayai, na sasa anajua saizi kuliko mimi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili hivi, kijana mmoja alikuja kwa gunia akachagua njumu nyeusi saizi nane, soli haijaisha, bei nilikuwa nimeweka elfu moja mia tano na sikuwa nataka kushuka chini ya elfu na mbili. Nikainua macho. Namba tisa. Na yeye akaniangalia vizuri, akaniangalia tena.

"Si wewe ndio ule wa kibendera?"

"Ni mimi."

"Ulikuja ukajua nilitokea nyuma?"

"Nilijua haftaimu."

Akajaribu kiatu, akaruka ruka, akafunga kamba, hakusema kitu. Nikamwambia alete mia nane. Akatoa mia nane, akazihesabu mara mbili, akanipea, halafu akainama akachukua na soksi.

"Na hizi ni za ile goli."

Nikaziacha ziende.